Mama Nusu Ndoo

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali manane, na upande wa kushoto umebonyea kwa sababu ndipo anapokaa Winchi. Tuko uchochoroni, mkabala kabisa na mlango wa nyuma wa mgahawa mkubwa, na mlango huo huachwa wazi kila siku kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano, sakafu ipate kukauka kabla watu hawajaingia kula chakula cha mchana. Mimi ni fundi viatu, wananiita Soli. Kibanda changu kiko hatua nne kutoka kwenye benchi, kwa hiyo nikisema niko kazini nasema kweli, na nikisema niko kijiweni nasema kweli vilevile. Winchi hubeba magunia kwenye ghala la nafaka hapo nyuma, na huja kwetu akishashusha gari la kwanza. Daktari si daktari. Alikuwa mlinzi wa lango la hospitali kwa miaka saba, akatoka huko na maneno mengi ya kitabibu, na hakuna ugonjwa ambao hakuwahi kuufungulia geti. Wa mwisho ni Birika, muuza kahawa, ambaye anatakiwa kuzunguka mtaa mzima lakini akishafika kwetu miguu humwisha nguvu.

Kijiwe chetu kina sheria moja, na niliitunga mimi: mambo ya nyumbani hayaletwi hapa, na ya hapa hayapelekwi nyumbani. Zamani Birika alitusimulia ugomvi wake na mama mkwe wake, tukamcheka mpaka akasusa wiki tatu, tukakaa bila kahawa. Tangu hapo nikasema basi, kila mtu aache nyumba yake nyumbani. Watu wakakubali, na nilijiona nimefanya jambo la maana sana.

Ndiyo maana wenzangu hawakujua kwamba mke wangu naye anasafisha mgahawa, ule wa karibu na kituo cha mabasi. Yuko pale mwaka wa sita. Anaipenda kazi yake, tena waziwazi. Akirudi hunisimulia jinsi jiko lilivyong'aa, na jinsi mpishi mkuu alivyopita akatembea kwa kunyata ili asiache alama. Lakini kwa miezi minne mkono wake wa kulia ulikuwa unamsumbua. Ulianza kwenye kifundo, ukapanda hadi kiwikoni, na sasa akikamua tambara vidole vinakufa ganzi. Vikombe viwili vilishamponyoka pale nyumbani. Wiki ile msimamizi wake alimwambia bila kuzunguka kwamba akiendelea kuchelewesha jiko, atatafutwa mtu mwingine.

Nilikuwa na wasiwasi, nisiseme uongo. Nilimnunulia dawa za kuchua za aina tatu, moja inanuka mpaka majirani waliulizia kama tuko salama. Kila jioni nilimchua mkono, yeye ananishukuru, na asubuhi anarudi kulekule kwenye tambara lake. Nilichukulia kwamba ule ni ugonjwa, na ugonjwa dawa yake iko kwenye chupa. Kisha nikitoka hapo nakuja kijiweni, navua mawazo ya nyumbani kama mtu anavyovua koti, naanza kazi yangu nyingine, ambayo ilikuwa kumwangalia Mama Nusu Ndoo.

Huyo mama ndiye anayesafisha ule mgahawa wa mbele yetu. Ni mwembamba, umri wake umepita hamsini, na anasafisha peke yake ukumbi wenye meza ishirini na mbili, jiko, vyoo na ua wa nyuma. Kabla yake walipita wanawake wawili na kijana mmoja wa kiume mwenye kifua kama mlango. Wote watatu waliondoka wakishika viuno, tena ndani ya miaka miwili. Mama huyu ana mwaka wa tisa, na akitoka saa tano anatembea kama aliyetoka kuoga. Jina tulimpa sisi, kwa sababu hajawahi hata siku moja kujaza ndoo. Anaishia nusu, anabeba, anamwaga, anarudi kuchota tena nusu.

Mwanzoni tulimcheka, hilo nalikiri. Winchi alisema ule ni uvivu uliopewa aproni. Lakini kigoda changu kimeelekea mlangoni kwake, na mtu ukishona kiatu macho yako hayana kazi, yanatangatanga. Kidogo kidogo nikaanza kuona mambo. Niliona kwamba fagio lake la deki ni refu kuliko mafagio yote niliyowahi kuyaona, kwa sababu ameliunganisha na mti mwingine kwa mpira wa baiskeli, mpini unafika kidevuni, na kwa hiyo hainami. Niliona hazungushi kiuno kufuata maji. Anatembea nayo, miguu ndiyo inayogeuka. Akimaliza safu moja ya meza anabadilisha mkono wa juu, kulia kuwa kushoto, kushoto kuwa kulia, bila kusahau hata siku moja. Jamani, nilikuwa nasahau sindano mdomoni kwa kumwangalia. Kuna watu wana sauti nzuri, kuna watu wana mwandiko mzuri, na yule mama ana usafishaji mzuri. Sijui niseme vipi tena.

Mwaka mmoja ukapita, ukaingia wa pili, na mimi nikawa ndiye mjuzi wa kijiwe kwa habari za Mama Nusu Ndoo. Mtu akibisha, anaambiwa amwulize Soli.

Asubuhi ninayoisimulia, ubishi ulianza kama kawaida, kwa Birika kumimina kikombe cha kwanza na kushangaa kwa sauti jinsi mama yule asivyochoka. Alisema kuna siri, na siri haikosi mwenyewe. Winchi akadai kwamba mama huyo ujanani alikuwa mcheza sarakasi, kwa sababu siku moja alimwona akipiga goti moja chini kusugua mguu wa meza, mgongo wima, na mtu wa kawaida angeinama tu. Daktari akacheka kwa pua, akasema Winchi hajui mwili wa binadamu.

— Wewe na mimi tuna pingili za mgongo thelathini na tatu, — alisema, akihesabu hewani. — Yule ana thelathini na tano. Hizo mbili za ziada ndizo zinazobeba kazi, nyingine zinapumzika. Niliwahi kuona mgonjwa wa aina hiyo.

— Ulimwona wapi, Daktari? — Winchi akamwuliza.

— Getini. Lakini alikuwa anaingia na picha ya mifupa mkononi.

Birika hakukubali kushindwa kwenye benchi lake mwenyewe. Akatuambia tusogee karibu, akashusha sauti, akasema kwamba yule mama si mmoja. Ni wawili, ndugu wa tumbo moja wanaofanana. Wa kwanza anafanya kazi saa tatu, wa pili saa nne, wanabadilishana zamu kule stoo, na ushahidi ni kwamba saa tatu kitambaa cha kichwani huwa kimefungwa fundo kulia, saa nne fundo liko kushoto. Winchi akauliza kama hao ndugu wawili wanalipwa mshahara mmoja au miwili. Birika akasema hapo ndipo uchunguzi wake ulipofikia.

Daktari naye akaona amepitwa. Akatangaza kwamba vigae vya ule ukumbi vilitandazwa na marehemu mumewe yule mama, aliyekuwa fundi ujenzi, na kwamba sakafu inamwonea huruma mjane wake, inajisafisha yenyewe, yeye anapitisha fagio kwa ajili ya heshima tu.  Hatukuamini, lakini ilikuwa nzuri, na Birika alimwongeza kahawa.

Mimi niliweka nyundo chini. Niliwaambia wote watatu kwamba wana macho lakini wameyaweka akiba. Hakuna sarakasi wala pingili za ziada, na fundo la kitambaa linahama kwa sababu mama yule akipumzika huegemea fremu ya mlango na kukifunga upya. Tena hayo mapumziko yake niliwaeleza: kila akimaliza eneo moja anasimama, mgongo umegusa ubao, anakung'uta mikono, anakunja na kukunjua vidole kama anayehesabu, halafu anaendelea. Niliwaambia watazame viti. Mtu mwingine angevipandisha vyote mezani, viti themanini na nane, juu chini, juu chini. Yeye anavisukuma vyote upande mmoja wa ukumbi, anapiga deki upande uliobaki wazi, kisha anavirudisha. Hakuna kiti kilichopanda mezani.

Birika akasema kweli, hata yeye hajawahi kuona kiti juu ya meza. Nilijisikia vizuri sana. Winchi hakujisikia vizuri. Nadhani maneno mazuri anayosifiwa mtu mwingine yalikuwa yamemjaa kooni, hasa kwa kuwa yeye ndiye mwenye nguvu wa kijiwe na hakuna aliyewahi kueleza kwa kirefu namna anavyobeba gunia.

— Hiyo ni kazi ya kudekadeka, — akasema. — Nipeni mimi hilo jiko. Namaliza kabla kahawa haijapoa.

Wakati huohuo Mama Nusu Ndoo alikuwa ametoka uani na mikeka ya mpira ya jikoni, ile mizito yenye matundu inayowekwa mbele ya jiko watu wasiteleze. Iko mitatu. Ikishalowa maji na mafuta inakuwa mizito kuliko inavyoonekana. Yeye huileta mmoja mmoja, ameusokota kama mkeka wa kulalia, anauburuta chini badala ya kuunyanyua, anaufungua ukutani na kuumwagia maji ya moto yenye sabuni, kisha anauacha. Anauacha kabisa, anakwenda kufanya kitu kingine. Akirudi mafuta yamelegea yenyewe, anapitisha brashi mara moja. Siku hiyo yote mitatu ilikuwa imelala chini, imeshasuguliwa, inangoja kurudishwa ndani.

Winchi akavuka uchochoro. Alimsalimia kwa adabu, nakubali, akamwambia, mama, leo pumzika, acha wanaume wakusaidie. Mama akamwambia asante, kaka, lakini mmoja mmoja. Winchi hakusikia hiyo sehemu ya pili. Aliirundika mikeka yote mitatu, akasimama miguu imenyooka, akainama, akaikumbatia, akaiinua huku anajipinda kuelekea mlangoni, na uso wake umetugeukia sisi tumwone.

Tukasikia "aa" ndogo, ya mtu aliyekumbuka kitu. Mikeka ikaanguka. Winchi akabaki vilevile, amepinda, mikono inaning'inia, anatazama viatu vyake.

Tulikimbia wote. Daktari alifika wa kwanza akaanza kutoa amri: mmoja amvute mabega, mwingine amkandamize kiuno, Birika amwage maji ya moto. Birika akasema maji hayo ni kahawa. Nilishamshika Winchi bega, nikaona jasho linamtiririka puani, na yule mtu mkubwa alikuwa ananong'ona nisimguse. Nikaogopa kweli. Winchi ana watoto wanne na mgongo wake ndio unaowalisha.

— Mwacheni, — alisema Mama Nusu Ndoo.

Hakupaza sauti, lakini Daktari aliondoa mikono. Mama akaja mbele ya Winchi, akamwambia asijaribu kujinyoosha. Akunje magoti kwanza, polepole, ashike ndoo iliyopinduliwa, ashuke mpaka goti moja liguse chini, kisha la pili, kisha alale ubavu. Alimwekea gunia lililokunjwa chini ya kichwa na jingine katikati ya magoti. Alimwambia apumue, na wakati Winchi anapumua yeye aliokota mkeka wa kwanza, akausokota, akauburuta ndani. Akarudi kuchukua wa pili. Tulimtazama wanaume watatu wazima, hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Ilipita kama robo saa. Winchi akaanza kusogeza miguu, akatabasamu kidogo kwa aibu. Mama akamfundisha kuinuka kwa kujigeuza ubavu na kusukuma kwa mkono, si kwa kujivuta kwa tumbo, akamshika mpaka akasimama kwenye fremu ya mlango. Akamwambia leo asirudi ghalani, kesho atembeetembee taratibu asilale siku nzima.

— Na ukiona mguu unakufa ganzi, au maumivu yanashuka mpaka unyayoni, usije kukaa kijiweni. Nenda hospitali, — alimwambia. — Ndani kabisa, usiishie getini.

Sijui kama alijua habari za Daktari. Daktari alitazama pembeni.

Mpaka mwaka wa pili ule, mimi sikuwahi kumwambia yule mama zaidi ya habari za asubuhi. Sasa nilimwuliza ni nani aliyemfundisha kazi. Alikung'uta mikono yake, akakunja vidole na kukunjua, akaegemea mlango.

— Kuumia ndiko kulikonifundisha, kaka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa najaza ndoo mpaka mdomoni, nabeba mbili kwa mpigo, nimalize mapema niwahi kwa mwanangu wa kwanza. Siku moja nikainama kuokota kijiko. Kijiko tu. Sikuinuka.

Akamtazama Winchi.

— Mwanangu alijifunza kutembea mimi nimelala chini. Alikuwa anakuja, ananishika pua, anakwenda zake kwa mtu wa kumbeba. Mwaka mzima sikumbeba. Nilipopona nikasema sakafu za watu nitasafisha, ni kazi yangu na naiweza, lakini hazitanichukulia mtoto mwingine. Nikaanza kutafuta namna. Nyingine nilikosea, nikaacha. Hizi ndizo zilizobaki.

Nikamwuliza kama wale waliokuja kabla yake, au wanaosafisha migahawa mingine, waliwahi kumwuliza namna hizo.

— Nani aulize? Wanaopita wanacheka ndoo. Ninyi ndio wa kwanza, na mmengoja mpaka mtu ameanguka.

Alisema bila chuki, akaingia kufuta rafu. Alipanda juu ya kigoda kifupi ili asinyooshe mkono juu ya kichwa. Nilimtazama ule mkono wake wa kulia ukienda na tambara, umelegea, hauna haraka, na kitu kikanichoma hapa kifuani. Nikadhani ni huruma ya Winchi.

Tulimrudisha Winchi kwenye benchi, tukamlaza, sisi tukasimama. Nilikuwa namheshimu yule mama tayari, lakini sasa nilikuwa nimejaa yeye mpaka pomoni, maneno yananitoka yenyewe. Nikawaambia Birika na Daktari kwamba walichokiona ni nusu tu ya ujuzi, na kubwa kuliko yote hawajaliona, nalo ni tambara. Nikachukua kitambaa changu cha kung'arishia viatu, nikakitosa kwenye kopo la maji, nikalipa benchi mgongo na kuanza somo. Nilikuwa nimeelekea mlango wa mgahawa ili wathibitishe kwa macho yao.

Niliwaonyesha kwamba kwanza tambara lenyewe liwe dogo, la kuenea kiganjani. Likiwa kubwa linashiba maji, unalipigania. Likunjwe mara nne, upande mmoja ukichafuka unageuza mwingine, kwa hiyo safari za kwenda kusuuza zinapungua. Halafu lisinyongwe. Hapo ndipo watu wanapoumia, kwa sababu mtu anashika huku na huku, anapindua kifundo cha mkono kwa nguvu zake zote, mara mia mbili kwa siku, kisha anashangaa vidole vinakufa ganzi. Yeye analizungusha kwenye shingo ya bomba, anashika ncha mbili pamoja, anavuta kwa uzito wa mwili. Maji yanatoka yote na kifundo kimenyooka. Kama hakuna bomba karibu, analibandika ukutani mwa ndoo na kulikandamiza kwa kiganja kilicho wazi.

Daktari alisogeza mguu kumpisha mtu aliyekuja kukaa ukingoni mwa benchi, penye miguu ya Winchi. Nilisikia Birika akimkaribisha mama fulani kahawa, na kikombe kikipokelewa. Sikugeuka. Nilikuwa katikati ya habari za mikono kupokezana.

— Kushoto naye afundishwe, — nikawaambia. — Siku za kwanza ni mzito, anafuta kama mlevi, lakini baada ya wiki mbili anakuwa ndugu wa kulia. Yule mama kila baada ya meza tatu anahamisha. Mkono ukianza tu kuuma, hauchuliwi ukarudishwa kwenye kazi ileile. Unabadilishiwa kazi.

— Samahani, — sauti ikauliza nyuma yangu. — Hayo yote huyu fundi aliyajua lini?

Sauti ile naijua kuliko ninavyoijua nyundo yangu. Nilibaki na kitambaa mkononi, maji yanadondokea viatu vya mteja. Kabla sijageuka Daktari alishajibu kwa fahari, kama ndiye aliyenizaa.

— Huyu, mama? Huyu ni bingwa. Huu mwaka wa pili anamsoma yule mama wa mgahawani, kila asubuhi, hakosi. Hakuna kitu cha yule mama asichokijua Soli.

Niligeuka. Mke wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, bado amevaa aproni ya kazini, na ilikuwa haijafika hata saa tano. Kikombe alikishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mapajani, ameufunga mtandio kuanzia kifundo hadi kiwikoni. Wenzangu hawakumjua, hawajawahi kumwona. Sheria ilikuwa yangu na waliishika vizuri. Hakunitazama mimi. Alimtazama Daktari, kwa upole, kama mgeni anayeulizia njia.

— Ana mke?

— Anaye, — Daktari akasema. — Nadhani anaye. Si unaye, Soli?

— Huyo mkewe anafanya kazi gani?

Daktari aligeuka. Alinitazama. Birika alitazama ndani ya birika lake. Winchi aliyelala aligeuza kichwa polepole ili asishtue mgongo, naye akanitazama. Walikuwa watu wangu wa miaka mingi, wanajua jino langu linaloniuma na timu ninayoichukia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jibu. Mimi peke yangu nilikuwa nalo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Jioni zote zile nilishika mkono wake nikaupaka dawa, na dawa yenyewe ilikuwa kichwani kwangu, nimeigeuza kuwa maneno ya kijiweni.

Mke wangu aliweka kikombe chini. Akanyanyuka.

— Nimeponyokwa na sufuria, — aliniambia, sasa akiniangalia. — Wamenipa mpaka Jumatatu, la sivyo wanatafuta mtu mwingine.

Hakukasirika, na heri angekasirika. Alivuka uchochoro, akasimama kwenye mlango wa nyuma wa mgahawa, akabisha hodi. Mama Nusu Ndoo alitoka. Sikusikia walichosemezana. Nilimwona mama yule akimfungua mke wangu ule mtandio, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili, akaugeuza taratibu juu na chini kama anayesoma barua, akaulizauliza, mke wangu akiitikia kwa kichwa. Kisha akamwongoza mpaka kwenye bomba la uani, akachukua tambara dogo, akalikunja mara nne, akamwekea kwenye mkono wa kushoto.

Daktari alikuwa bado ananikazia macho. Si mtu mbaya, alitaka tu kujua, kwa kuwa swali lilishaulizwa mbele ya watu na halijajibiwa.

— Soli, — aliniuliza kwa sauti ya chini. — Hivi kweli, shemeji yetu anafanya kazi gani?

Nikanyoosha kidole kumwonyesha bombani.